Platinamu, ruteniamu au shaba? Kwa mnaoanza risechi ya dawa za saratani hapa Dodoma

"Dada shikamoo. Prof kasema mpaka Jumatatu niwe nimeshachagua metali, mi nimeamua platinamu mana ndo inayotibu watu kweli, we unaonaje?"

Meseji hiyo kanitumia mdogo wangu mmoja anayeanza masters ya kemia hapa Dodoma. Nikaandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwisho nikaona ngoja niliandike lote kwa nafasi, mana kila mwaka kuna mtu ananiuliza hilohilo na kila mwaka namjibu nusunusu nikiwa kwenye daladala.

Marahaba mdogo wangu. Metali usiichague kwa sifa yake ya hospitalini. Chagua ile ambayo ukiwa hapahapa, kwa vifaa unavyoweza kuvifikia, utaweza kuthibitisha mambo mawili: kwamba kilichomo kwenye kichupa chako ndicho ulichokichora kwenye karatasi, na kwamba kilichoua seli ni hichohicho na siyo kitu kingine. Yanaonekana madogo ila ndo yanayowaliza watu mwaka wa pili.

Tuanze na hiyo platinamu yako. Heshima yake ni ya haki kabisa. Sisplatini ilitengenezwa na Michele Peyrone mwaka 1844, ikakaa zaidi ya miaka mia moja watu wanaijua kama chumvi ya njano tu, mpaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake kule Michigan walipopitisha umeme kwenye bakteria wa E. coli kwa kutumia elektrodi za platinamu, wakakuta bakteria wameacha kugawanyika wanarefuka tu kama nyuzi. Kumbe umeme haukuwa na kosa, platinamu ilikuwa inamomonyoka kidogokidogo kutoka kwenye elektrodi na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwemo kwenye chakula cha bakteria. Mwaka 1978 ikaidhinishwa Marekani kuwa dawa, baadaye zikaja kaboplatini na oksaliplatini. Na leo mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akipangiwa mionzi, mara nyingi sisplatini ndo dripu inayoenda sambamba na hiyo mionzi.

Mama yangu mdogo wa Kongwa alipitia hiyo. Nilikuwa nakaa naye siku za dripu. Kabla dawa yenyewe haijaguswa anawekewa maji kwanza, chupa baada ya chupa, kulinda figo, halafu dawa, halafu maji tena, na jioni anatapika mpaka hana cha kutapika. Wiki ya nne akaanza kuniambia masikio yanapiga mluzi usiku, kama redio iliyokosa stesheni. Amepona, anapika, analima karanga zake, ila ukimwita upande wa kushoto hageuki. Ndo mana nikisikia mtu anasema "sisplatini tayari ipo, mnatafuta nini tena" huwa namsimulia habari za mama mdogo. Tunatafuta kitu kitakachoua uvimbe kikaacha figo na sikio, na kitakachofanya kazi kwa uvimbe ambao sisplatini imeshauzoea.

Sasa kwenye meza ya maabara platinamu ikoje. Kazi yenyewe ni nzuri kwa macho na inafundisha. Unaanza na chumvi nyekundu, potasiamu tetrakloroplatinati, unaiyeyusha kwenye maji, unamwagia potasiamu ayodaidi nyingi inakuwa nyeusi tii, unaweka amonia inashuka unga wa njano, unauondoa ule ayodini kwa nitrati ya fedha, unachuja, unarudisha kloridi, sisplatini inashuka ya njano mpauko. Njia hiyo aliitoa Dhara mwaka 1970 na uzuri wake ni kwamba ayodini ndo inayolazimisha amonia mbili zikae upande mmoja na siyo kukabiliana. Ukitaka kujua umepata ya upande mmoja kweli, weka punje kidogo kwenye thiourea pasha moto: ya upande mmoja inageuka njano kali, ya kukabiliana inatoa kitu cheupe. Kipimo cha Kurnakov hicho, hakihitaji mashine ya milioni mia, kijue tu.

Ila sikiliza matatizo yake. Gramu moja ya ile chumvi nyekundu, hata ukienda bila kupoteza kitu, haiwezi kukupa zaidi ya gramu 0.72 za sisplatini, na chumvi yenyewe bei yake inakutoa jasho. Pili, chumvi za kloroplatinati zinaleta mzio mbaya, kuna watu zimewaletea pumu ya maisha, kwa hiyo kama fyumu chemba yenu inavuta kwa shida usiziguse. Tatu ni maji. Maji yetu ya visima hapa Dodoma yana chumvi, wote tunajua birika zetu zinavyokuwa, na hatua ile ya nitrati ya fedha inataka maji yasiyo na kloridi hata chembe. Mimi kila asubuhi kabla ya kuanza nachukua maji ya distila kwenye kitestityubu natia tone moja la nitrati ya fedha. Yakibaki meupe kama kioo naendelea, yakipata ukungu hata wa mbali naenda kumsalimia mzee wa maabara tunaisafisha distila, siku hiyo sifanyi kitu.

Na la nne ndo zito zaidi. Watu wametengeneza kompaundi za platinamu kwa maelfu, na zilizoidhinishwa dunia nzima zinahesabika kwa vidole, tatu zinatumika kila mahali na nyingine chache zipo Japani, China na Korea tu. Ukija na ya kwako lazima uonyeshe inaizidi sisplatini kwenye seli zilizokwisha kuizoea sisplatini, yaani unahitaji seli pacha, mfano A2780 (za saratani ya ovari) na ndugu yake A2780cis, uzilee zote mbili kwa miezi. Kwa masters ya miaka miwili ukiwa peke yako ni mzigo. Kwa PhD yenye supavaiza aliyeshaifanya platinamu, hapo sawa, nenda.

Ruteniamu ndo niliyoifanyia kazi mimi na sitaficha kwamba naipenda. Mpaka leo hakuna dawa ya saratani ya ruteniamu iliyoidhinishwa, hilo lazima uliseme wazi kwenye propozo yako. NAMI-A ya wataliano wa Trieste ilifika kwa wagonjwa ikaishia njiani, KP1019 ya Vienna ilisumbua kuyeyuka ikabidi chumvi yake ya sodiamu ndo iendelee na majaribio, na ipo TLD-1433 ambayo haifanyi kitu mpaka imulikwe mwanga, hiyo inajaribiwa kwenye saratani ya kibofu. Maana yake ni kwamba uwanja bado upo wazi, mwanafunzi wa Dodoma akiongeza kitu kidogo cha kweli kinasomwa.

Ila sababu yangu kubwa ni ya jikoni. Unachukua gramu moja ya ruteniamu trikloridi, vichembe vyeusi vinavyong'aa, unaweka ethanoli mililita 50 na alfa-felandrini mililita 5 hivi (hii hupatikana kwenye mafuta ya mikaratusi ya aina fulani, ukifungua chupa unasikia harufu yake), unachemsha na kondensa masaa manne kwenye naitrojeni. Huku juu kwetu maji yanachemka kabla ya mia, hilo lisikusumbue, ethanoli nayo inachemka mapema kidogo, ongeza nusu saa tu. Yale yaliyokuwa meusi yanageuka kahawia, halafu mekundu. Unaacha yapoe, unayalaza kwenye friji. Asubuhi ya kwanza mimi nilipofungua ile chupa nilikuta chini kuna fuwele nyekundu za kukolea, rangi ya udongo wa Kondoa mvua ikishanyesha, nikazichuja nikazisafisha kwa etha nikakaa naziangalia tu. Gramu moja ukiwa makini inakurudishia karibu gramu nzima ya hizo fuwele, tunaziita daima (dimer, yaani molekuli yenye ruteniamu mbili zilizoungana), na kila ligandi (molekuli unayoishikisha kwenye metali, ikishashika kitu kizima ndo kompleksi) unayotaka kujaribu inakula miligramu mia au mia na hamsini. Kwa hiyo gramu moja tu inakutosha kompleksi sita mpaka nane. Piga hesabu hiyo ukilinganisha na platinamu.

Kutoka hapo ni kukoroga: daima, ligandi mara mbili yake kwa moli, methanoli, masaa machache kwenye joto la chumba, ukitaka ishuke kama unga unaweka amoniamu heksafluorofosfati. Na uzuri wenyewe sasa: ruteniamu ya pili (yenye chaji ya +2) haina elektroni zilizobaki peke yake, kwa hiyo NMR (mashine inayoonyesha haidrojeni za molekuli zimekaaje) inasoma safi. Ile pete ya simini (ndo felandrini inachogeuka ikichemshwa na ruteniamu) iliyokaa juu ya metali inajitangaza yenyewe, unaona dableti (kipeo cha vidole viwili) ya isopropili karibu na ppm 1.2, kile kipeo cha vidole saba karibu na 2.8 au 2.9, na haidrojeni za pete zimeshuka mpaka kwenye 5 na kitu badala ya 7. Ukiviona hivyo vitatu unajua pete ipo na imeshika. Hapa kwetu ambapo muda wa mashine ya NMR ni wa kuomba na sampuli unaisafirisha mbali, mashine moja inayokupa jibu la uhakika ni bora kuliko mashine nne zinazokupa labda.

Kasoro zake? Ruteniamu trikloridi siyo bei ya nyanya, ila unanunua gramu moja tu. Etha na metanoli zinahitaji hewa nzuri. Na kloridi iliyoshika ruteniamu huwa inatoka, inaachia nafasi kwa maji, au kwa DMSO (kiyeyushi tunachotumia sana maabara) kama ndo umeyeyushia humo. Chukua NMR ya kompleksi yako ndani ya DMSO ukimaliza tu kuyeyusha, halafu chukua tena baada ya masaa 24. Kama vipeo vimehama, unachopima kwenye seli siyo kile ulichochuja.

Na hapa niseme la DMSO mana linahusu wote. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia sisplatini kama dawa ya kulinganishia, nikaiyeyusha kwenye DMSO kama nilivyoyeyusha kila kitu, mana ndo nilivyoona wengine wanafanya. Sisplatini yangu ikawa haiui. Yangu ya ruteniamu ikaonekana inaizidi mara nyingi sana, nikapiga picha grafu nikamtumia Prof usiku saa nne. Akanipigia palepale, akaniuliza swali moja tu, "umeyeyushia nini, mwanangu?" DMSO inang'oa kloridi ya sisplatini na kukaa yenyewe, dawa inakuwa imeshakufa kabla haijaona seli. Sisplatini iyeyushe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ya siku hiyohiyo, imefunikwa foili mwanga usiiguse. Kloridi ikiwa nyingi nje inabaki nzima, ikiingia ndani ya seli ambako kloridi ni chache ndo inaziachia, maji yanachukua nafasi na inakwenda kushika guanini kwenye DNA. Pleti kumi na mbili nilizirudia.

Haya, shaba. Hii ndo wengi wataishia nayo kwa sababu ya hela na siwalaumu. Mrututu kila mtu anaujua, kloridi na asetati ya shaba zipo kwenye kila stoo ya chuo, ligandi za Schiff unatengeneza kwa salisaldehidi na amini kwenye ethanoli ya moto, dakika ishirini unaona sindano za njano zinaanza, unamwaga asetati ya shaba inakuwa kijani, umemaliza kabla ya chai ya saa nne. Na sayansi yake siyo ya kudharau. Kule Meksiko Lena Ruiz-Azuara na wenzake wamehangaika na zile kasiopeina zao za shaba miaka mingi mpaka moja ikafika kwa binadamu. Na mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba shaba ikizidi ndani ya mitokondria seli inakufa kwa njia yake ya pekee, siyo ile ya kawaida, njia iliyopewa jina la kuproptosisi. Kwa hiyo ukisema "shaba inaua seli za saratani" una pa kusimamia.

Shida ni kuthibitisha. Shaba ya pili ina elektroni moja isiyo na mwenzake, NMR yake inakuwa kama umepaka tope, vipeo vinatanuka mpaka havisomeki. Watu wengi wanakimbilia IR (kipimo cha mwanga wa infraredi), wanaonyesha ule mstari wa C=N umeshuka kutoka 1625 kwenda 1605 wanaandika "kompleksi imethibitika". Haijathibitika hapo. Imeonyesha kuna kitu kimeshika, basi. Unahitaji uchambuzi wa kaboni, haidrojeni na naitrojeni unaokubaliana na hesabu ndani ya asilimia 0.4, unahitaji masi spektra, na ukitaka mtu asikusumbue kabisa unahitaji fuwele moja nzuri ya kupigwa eksirei. Kwenye hilo la fuwele hali ya hewa yetu inakusaliti, kiangazi cha Dodoma kinakausha kila kitu, ukiacha kichupa wazi kesho unakuta unga. Ziba na parafilimu toboa tundu tatu kwa sindano, weka kabatini mbali na dirisha, sahau wiki mbili.

Na hata ukishathibitisha kichupani, kwenye seli mambo mengine. Ligandi za Schiff zinavunjika kwenye maji, albumini iliyomo kwenye seramu inainyang'anya shaba, na glutathioni ndani ya seli inaibadilisha shaba ya pili kuwa ya kwanza. Rafiki yangu wa karibu alipata kompleksi ya shaba yenye IC50 (kiwango kinachozuia nusu ya seli) ya maikromola mbili kwenye seli za HeLa, tukafurahi, tukanywa soda. Halafu wakati wa semina mwalimu mmoja akamuuliza, "Ligandi peke yake umepima?" Hakuwa amepima. Alipopima, ligandi peke yake ilikuwa karibu sawa na kompleksi. Alilia, na mimi nililia naye mana nilikuwepo usiku wote aliokesha. Kwa hiyo ukienda na shaba, kila pleti iwe na kompleksi, ligandi peke yake, kloridi ya shaba peke yake, na mchanganyiko wa hivyo viwili vilivyotiwa palepale bila kutengenezwa. Kama mchanganyiko wa palepale unaua sawa na kompleksi yako, basi liandike hivyohivyo, ni matokeo nayo.

Neno moja kwa wasomaji wengine ambao siyo wa maabara, mana najua mtafika hapa: mrututu ni sumu. Kuua seli kwenye pleti ya plastiki na kutibu mtu ni safari ya miaka mingi na nyingi zinaishia njiani. Tafadhali sana mtu asichanganye chochote nyumbani akampa mgonjwa.

Dhahabu naipita haraka. Auranofini iliidhinishwa 1985 kwa ajili ya baridi yabisi, inabana kimeng'enya cha thioredoksini riduktezi, na saratani wanaijaribu. Mtu ataniambia dhahabu si yetu, Sekenke hapo Iramba, Geita kule. Kweli, ila kutoka jiwe mpaka kloridi safi ya maabara ni oda na bei vilevile, na ligandi nyingi za fosfini zinataka kufanyiwa kazi bila hewa. Kama chuo chako hakina laini nzuri ya naitrojeni, iache.

Upande wa kupima sasa, na hapa pia kuna kuchagua. Wengi wa kwetu tunaanza na uduvi wa maji chumvi, vile vidudu vya Artemia, mana hakuna inkyubeta, hakuna seramu, mayai unayaangua kwenye maji ya chumvi ya bahari siku mbili, unahesabu kumi kumi kwenye kila kichupa, kesho yake unahesabu waliokufa. Kwa dawa za mitishamba imetusaidia sana nchini. Kwa metali naomba uwe na tahadhari. Kwanza shaba ni sumu kali kwa viumbe jamii ya kamba hata bila ligandi yoyote, kwa hiyo kila kompleksi ya shaba itaonekana shujaa. Pili, yale maji ya chumvi yana kloridi nyingi kuliko damu mara tano hivi, kwa hiyo kompleksi kama sisplatini inayohitaji kuachia kloridi inabanwa, inaonekana mnyonge. Yaani kipimo hicho kinaweza kukupandisha kibaya na kukushusha kizuri. Kitumie kama chujio la mwanzo kwa ligandi zako, usikifanye sura ya nne ya tasnifu.

Kwenye seli zenyewe una vipimo viwili vya rangi, MTT na SRB. MTT kila mtu anaijua: rangi ya njano, seli hai zinaigeuza zambarau, unayeyusha unasoma kwenye nanomita 570. Nilianza nayo. Tatizo ni kwamba kinachoigeuza ni kemia ya upunguzaji, na kompleksi za metali nazo, pamoja na ligandi zenye salfa, zinaweza kuigeuza bila seli hata moja kuwepo. Na nyingi zina rangi zake zinazosoma hapohapo kwenye 570. Ukitumia MTT lazima uwe na vishimo vyenye kompleksi bila seli.

SRB inapaka protini, haijali upunguzaji. Unagandisha seli kwa asidi ya trikloroasetiki ya baridi saa moja, unaosha kwa maji mara nne tano, unakausha, unapaka SRB ya asilimia 0.4, unasuuza na asidi ya asetiki ya asilimia 1, unakausha tena, unayeyusha kwenye Trisi unasoma. Uzuri wake kwa mtu wa huku: pleti ikishagandishwa na kukauka inakungoja. Umeme ukikatika, mashine ya kusoma pleti ikiwa na foleni ya wiki, pleti zako zipo kwenye droo hazibadiliki. MTT haikungoji, saa ya nne ikifika na umeme haupo, umepoteza. Mi nimepoteza pleti kwa umeme mara tatu kabla sijahamia SRB, na baada ya hapo sikupoteza hata moja kwa sababu hiyo. Ile asidi inaunguza ngozi, vaa glavu mbili.

Na ukavu wetu tena. Vishimo vya pembeni vya pleti ya 96 vinakauka kwanza, dawa inakolea, seli za pembeni zinakufa kwa kiu na siyo kwa metali yako. Jaza vishimo vyote vya ukingoni bafa tupu, tumia sitini vya katikati, na sinia ya maji ndani ya inkyubeta iangalie kila siku, siyo kila wiki. Hapa Dodoma mwezi wa nane inaisha haraka kuliko maelekezo ya mashine yanavyosema.

Seli gani? HeLa kwa sababu ni za shingo ya kizazi na hiyo ndo saratani inayowaua zaidi mama zetu, MCF-7 za matiti kama zipo, na lazima seli moja isiyo ya saratani, mfano MRC-5, mana kompaundi inayoua zote sawasawa ni sumu tu, haijawa dawa. Kama unaweza kupata mbili tu, chukua HeLa na MRC-5, achana na kuongeza za saratani.

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi Jumatatu ningemwambia Prof ruteniamu, gramu moja, ligandi nne ambazo mbili nimetengeneza mwenyewe, HeLa na MRC-5, SRB, sisplatini ya kulinganishia kwenye maji ya chumvi. Kama bajeti haitoshi hata gramu moja, mwambie shaba, ila mwambie palepale kwamba unaomba hela ya fuwele kupigwa eksirei na ya vile vidhibiti vitatu vya kila pleti, na uziweke kwenye propozo kwa maandishi mana mwaka wa pili hela hizo huwa hazionekani. Platinamu iweke akiba kwa PhD.

Ile chupa yangu ya felandrini imebaki zaidi ya nusu, nimeiziba vizuri ipo kwenye friji. Jumamosi nipo Area C mpaka saa saba mchana, uje na kibegi kigumu uichukue, na uniletee zile ligandi ulizochora tuziangalie pamoja.